Katsuna Si Mkongojo

Manusos aliporudi kutoka mahabusu, wanaume wa Asfendami, kijiji cha milima ya Krete, walimpokea kwa risasi. Walizifyatua hewani kwenye kona ya kanisa, kama wafanyavyo kwenye harusi na ubatizo, na mkewe Athusa akatoka mbio na mikono imejaa unga kuwasihi wazishushe hizo bunduki. "Mnataka wamrudishe leo hii hii?" aliwauliza. Mumewe alikuwa na kifungo cha nje kwa sababu ya risasi kama hizo hizo, alizozipiga kwenye harusi ya mpwa wake, na hakimu wa siku ile alimwambia kinagaubaga kwamba akitiwa hatiani tena kwa lolote lile, kifungo kitageuka kuwa cha ndani.

Hakuna aliyemsikiliza. Manusos alishuka kwenye pikapu ya mwanawe Sifis, shati jeusi, buti hadi magotini, masharubu yamechanwa vizuri kama bwana harusi wa miaka sabini na kitu. Watu wakapiga makofi. Athusa peke yake ndiye aliyeona kwamba mumewe ameushika mlango wa gari muda mrefu kuliko mtu anayeshuka tu, na kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa mtupu. Katsuna yake haikuwepo.

Mwanamume wa milima ile bila katsuna ni nusu ya mwanamume. Ni fimbo ndefu ya mchungaji, imepindwa kichwani kwa moto ili iweze kumnasa kondoo shingoni, na mwenyewe huenda nayo machungani, kanisani, mkahawani, hata mazishini. Huwezi kuiita bakora. Bakora ni ya bwana wa mjini. Na ukiiita mkongojo, basi umetukana, jiandae kwa lolote.

"Ungemwona baba," Sifis alisema, bado yuko nyuma ya usukani, hajazima hata gari. "Sisi tumesimama mbele ya ofisi ya mkoa, tunauliza tu ruzuku ya malisho imelala wapi tangu vuli. Mara polisi wakaturushia ule moshi wao wa machozi. Watu macho yanawachoma, wanakimbia ovyo. Baba hakukimbia. Kuna askari mmoja, jitu, kofia ya chuma, ngao, kila kitu. Baba akalikamata rungu lake kwa mikono miwili, akaling'ang'ania mpaka yule jamaa akapiga goti."

"Akapiga goti?" wanaume wakauliza, ingawa walikwisha kuisikia kwa simu tangu jana.

"Goti. Mbele ya baba."

Athusa alijifuta unga kwenye aproni. "Na katsuna yako ilikuwa wapi?" alimuuliza mumewe.

"Waliichukua."

"Kabla hujalishika hilo rungu, au baada?"

Manusos alimtazama kwa jicho ambalo wake wa Asfendami wanalijua wote. "Mke wangu, wao wamenihoji usiku kucha. Na wewe unataka zamu yako?" Watu wakacheka, wakamzingira, wakamsindikiza mkahawani, na yeye akaweka mkono begani kwa huyu na begani kwa yule, kama mtu anayewapenda sana wenzake. Athusa alibaki barabarani. Alikuwa amekwisha kupata jibu lake.

Nyumba yao na mkahawa zilipakana, ukuta ni mmoja, na dirisha la jiko lilifunguka juu ya meza za nje. Wanawake hawakai pale mkahawani, lakini Athusa alikuwa amemenya viazi dirishani kwa miaka arobaini na hakuna siri ya wanaume ambayo haikumfikia pamoja na moshi wa sigara zao. Wiki ile yote mazungumzo yalikuwa ya aina moja.

"Wanaliita globu," alisema mmoja.

"Nani anaita globu? Hayo majina ya Athene. Lile ni rungu."

"Rungu lina kichwa. Lile halina kichwa, limenyooka tu. Lile ni gongo."

"Ujerumani, nilipokuwa kiwandani, walikuwa wakiliita gongo la mpira. Na ni mpira kweli. Linakupiga, linarudi, linakupiga tena kwa pigo lile lile moja."

"Wewe lilikupiga lini, wakati ulikuwa unawakimbia hata makondakta wa tramu?"

"Ninyi watoto," alisema Stavrulis, aliyekuwa mkubwa kuliko wote na hasikii vizuri, kwa hiyo akipenda kuongea kuliko kusikiliza. "Hamkumjua vurdulas. Mshipa wa fahali uliokaushwa. Askari wa zamani wa vijijini walikuwa nao mkononi, na baba yangu alipigwa nao kwa kondoo ambaye, kusema kweli, alikuwa amemwiba. Baada ya ule, haya ya siku hizi ni vijiti vya kuchokonolea meno."

"Basi Manusos kanyang'anya kijiti cha meno."

"Kanyang'anya, ndiyo, na wewe hujawahi kumnyang'anya mtu hata kiberiti."

Wakacheka. Kumbare wa Manusos, Pandelis, aliyemsimamia Sifis kwenye ubatizo, akagonga meza akatunga beti mbili pale pale: kwamba simba wa Asfendami hana haja ya makucha, maana adui humletea rungu akalishika. Wakazirudia wote kwa sauti. Raki, pombe yao kali ya zabibu, ikazunguka. Manusos alisema machache tu, kama inavyompasa shujaa, na kila mara akisema, Athusa aliisikia sauti yake imepata ujana ambao haukuwa umesikika kwa muda mrefu. Hilo lilimchoma. Laiti ingekuwa sauti ya mlevi au ya mwongo, angejua la kufanya nayo.

Maana yeye ndiye aliyemvalisha buti la kushoto kila asubuhi, na kulivua kila jioni. Nyonga ya Manusos ilikuwa imekwisha tangu majira mawili ya theluji yaliyopita. Kitandani aliinuka kwa kushika nguzo ya kitanda. Kwenda zizini alipanda ameshika mkia wa punda, na wakikutana na mtu njiani aliuachia, akasimama kidete juu ya katsuna yake kama anayetazama mawingu. Kijijini hakuna aliyejua. Hata Sifis, anayekaa chini mjini na mkewe, hakujua. Manusos na Athusa hawakuwahi kulitaja jambo hilo hata kitandani. Mume alinyoosha mguu, mke akavuta, basi.

Jumapili alikuja Despina, wakili, binti wa marehemu dada yake Manusos. Alikuja na viatu vya mjini na mkoba, akambusu shangazi yake, akambusu mjomba wake, akakataa raki, akakubali jibini. Huo ndio ulikuwa ujira wake, jibini, na hata hiyo alibembelezwa kuichukua.

"Mjomba, nisikilize vizuri," alisema. "Wanakushtaki kwa kumpinga askari na kutaka kumpokonya silaha. Na fimbo yako nayo wameiandika silaha. Rungu moja, fimbo moja, na wewe katikati. Ukitiwa hatiani, kile kifungo cha harusi kinaamka. Utalala ndani mwaka mmoja na zaidi. Hakuna rufaa ya kubembeleza."

"Nitalala," Manusos alisema. "Wengine wamelala kabla yangu, na kwa mambo ya aibu zaidi."

"Hakuna haja ya kulala. Nimezungumza na watu waliokuwepo. Mmoja anasema walikunyang'anya katsuna kwanza, ndipo ukalishika rungu. Ni kweli?"

Manusos alikata kipande cha jibini akakiweka kwenye sahani ya mpwa wake. "Kula."

"Mjomba, kama ni kweli, kesi imekwisha kabla haijaanza. Mzee anatembelea mkongojo wake, askari anauchukua, mzee anapepesuka, anashika kilichopo. Hakuna hakimu Krete nzima atakayekufunga kwa kuogopa kuanguka. Nikuletee daktari akupime huo mguu, aandike, tumemaliza."

Athusa alikuwa amegeukia sinki, lakini aliacha kuosha.

"Umeiitaje?" Manusos aliuliza.

"Niliiita nini?"

"Fimbo yangu. Umeitaja kwa jina. Rudia."

Despina aliona alipojikwaa, lakini alikuwa wakili, na alikuwa mtoto wa dada yake kweli kweli, mkaidi vile vile. "Mkongojo," alisema. "Na mahakamani nitasema hivyo hivyo. Wao wakisema silaha, mimi nikisema katsuna, hakimu atasikia silaha. Nikisema mkongojo, atamwona babu yake."

"Basi mimi si babu yake." Manusos aliinuka, mkono mezani, polepole, akaufanya uzito huo uonekane kuwa ni hasira. "Katsuna yangu haijawahi kunibeba mimi. Mimi ndiye ninayeibeba. Nililishika rungu lake kwa sababu nilitaka kulishika. Hayo ndiyo utakayosema, na kama huwezi kuyasema, asante kwa kuja, chukua jibini ya mama yako— " akakumbuka kwamba dada yake amekufa, uso ukamwiva. "Ya shangazi yako. Chukua jibini ya shangazi yako."

Alitoka nje. Walimsikia mkahawani akikaribishwa kwa kelele.

"Shangazi," Despina alisema chini chini, "nimekuandika wewe kama shahidi."

"Mimi sikuwepo mjini siku ile."

"Ulikuwepo hapa siku zote nyingine."

Athusa aliangalia mikono yake kwenye maji ya sabuni. "Unajua unaniomba nini, mwanangu?"

"Najua," mpwa wake alijibu. "Ndiyo maana sikukuomba mbele yake."

Usiku ule Athusa alimngojea mumewe akae kitandani. Alimvua buti la kushoto, akalishika mapajani pake badala ya kuliweka mlangoni, na Manusos akajua kwamba leo kuna neno.

"Ulikuwa unaanguka," Athusa alisema.

"Nani kakwambia?"

"Huu mguu."

Kwa upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa akiburuta viti kuviingiza ndani. "Yule mtoto aliniangalia," Manusos alisema hatimaye. "Yule askari. Alipopiga goti tuliangaliana, ana macho ya ndama. Nadhani na yeye alielewa. Lakini hakusema neno. Kaandika kwamba nilimshambulia. Hata yeye kanionea haya, Athusa. Adui yangu kaniandika mwanamume, na wewe na yule mtoto wa dada yangu mnataka kunifuta."

"Nataka ulale nyumbani. Kondoo nitawakamua na nani? Huko gerezani nani atakuvuta buti?"

"Nitalala nalo."

"Mwaka mzima?"

"Ukilisema neno lile mbele ya Pandelis na wenzake," Manusos alisema, bila kupaza sauti, "usirudi katika nyumba hii. Nenda moja kwa moja kwa mwanao mjini. Sitakupiga, sitakutukana. Ila mlango huu hutaupita."

Athusa aliliweka buti mlangoni, akazima taa. Alimkasirikia sana usiku ule, kuliko alivyowahi kumkasirikia kwa raki, kwa bunduki, au kwa wale mbuzi wa wilaya ya Mylopotamos ambao hakuwahi kuuliza walifikaje zizini. Alilala upande wake akiwaza ngazi. Magereza yana ngazi, hilo alikuwa na hakika nalo, na hayana punda.

Siku ya kesi wanaume wa Asfendami waliteremka na magari sita, wakajaza viti vya nyuma na wengine wakasimama ukutani. Mlangoni waliambiwa waache fimbo zao nje, na rundo la katsuna likabaki limeegemea meza ya mlinzi, naye kijana wa mjini akilitazama kama lingeweza kumuuma. Ndani, mbele ya hakimu, chini ya picha ya Kristo, juu ya meza ya vielelezo, kulikuwa na vitu viwili tu vimelala pamoja: rungu jeusi la polisi na katsuna ya Manusos. Rungu lilikuwa fupi. Athusa alishangaa jinsi lilivyo fupi.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani kwenye mnyororo. Mwendesha mashtaka alisimama akaisoma ile fimbo: kifaa butu cha mti, kinachofaa kuumiza. Despina akasimama akasema ni mkongojo. Kwenye viti vya nyuma watu wakaguna. Manusos alikaa amenyooka, mikono magotini, hakumtazama mpwa wake kabisa.

Askari aliitwa. Bila kofia ya chuma alikuwa mvulana mrefu wa kutoka Grevena, huko bara, ana chunusi shingoni, na aliongea kwa kigugumizi kidogo. "Alilishika rungu langu la kazi kwa mikono miwili," alisema, "akalivuta kwa nguvu."

"Alikutukana?" hakimu aliuliza.

"Hapana."

"Alikupiga?"

"Hapana. Alilivuta tu."

Kisha hakimu akamwambia Manusos asimame. Alisimama kwa kushika mgongo wa kiti cha mbele, haraka, kwa kishindo, na maumivu yakampita usoni, ambayo Athusa aliyaona na wengine wakadhani ni ghadhabu.

"Mzee, kwa nini ulilishika rungu la askari?"

"Kwa sababu yeye alikuwa hajui kulishika," Manusos alisema.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Pandelis alipiga paja lake. Hata karani alificha mdomo. Hakimu alingoja watulie, akaandika jambo, na Athusa alimwona Despina ameinamisha kichwa kwenye makaratasi yake. Kicheko kile kilikuwa na bei yake, na wote waliocheka wangerudi jioni ile kula kwao.

Ndipo akaitwa yeye.

Alitembea hadi kizimbani akiwa amevaa nguo yake nyeusi ya kanisani. Aliapa. Hakumtazama mumewe, lakini alijua yuko wapi, kama unavyojua jiko liko wapi chumbani gizani.

"Shangazi, samahani, Bi Athusa," Despina alisema. "Tuambie mumeo anaamkaje asubuhi."

Athusa aliwaona wanaume wa kijiji chake, nyuso za watu aliowapikia kwenye mazishi ya mama zao. Alimwona Sifis, mwanawe, akitabasamu bado kwa ule utani wa baba yake.

"Anashika nguzo ya kitanda," alisema. "Mimi namvalisha buti la kushoto. Hawezi kuinama."

"Endelea," Despina alisema.

"Jikoni anashika meza. Mlangoni anashika kizingiti. Akipanda zizini anashika mkia wa punda, na watu wakitokea anauachia. Kanisani anashika kiti cha mbele yake, ndiyo maana hukaa nyuma ya Stavrulis, ambaye hageuki. Fimbo yake wakiichukua, anashika chochote kilicho karibu. Mheshimiwa, ni miaka miwili sasa. Hakuna siku anayosimama bila kushika kitu." Alimwonyesha askari kwa kidole. "Siku ile kilichokuwa karibu ni rungu la kijana huyu. Lingekuwa tawi la mzeituni, angelishika. Angekuwa padre, angemshika ndevu."

Hakuna aliyecheka. Hakimu alivua miwani, akamgeukia askari.

"Alipolivuta rungu, alilivuta kuelekea kwake, au vipi?"

Kijana wa Grevena alifikiri kwa uaminifu, na masikio yakamwiva. "Chini," alisema. "Alilivuta chini. Nilidhani ni nguvu. Ulikuwa uzito."

"Na ile fimbo mlikuwa mmeichukua wakati huo?"

"Nilikuwa nimeichukua mimi. Tulikuwa na amri tukusanye fimbo zote."

Hukumu haikuchukua muda. Manusos aliachiwa kwa mashtaka yote, na kile kifungo cha harusi kikaendelea kulala. Athusa alisikia maneno hayo kwa nafuu, na papo hapo akamwona Sifis anamtazama baba yake kama anamwona mara ya kwanza, na Pandelis anatazama kofia yake mwenyewe.

"Mrudishieni mzee mkongojo wake," hakimu alimwambia karani, kwa upole kabisa.

Ni upole ule ndio uliomchoma Manusos. Kushinda kesi hakukumgusa. Alisimama kama alivyoweza. "Huo si mkongojo," alisema. "Mkongojo unanunuliwa dukani. Hiyo ni katsuna, na si ya mti wa ovyo. Ni ambelitsia. Nimeikata mwenyewe juu mlimani, mwaka juzi, kwa shoka langu."

Despina alifumba macho. Ambelitsia hauoti popote duniani isipokuwa kwenye milima ya Krete, imebaki michache, na sheria imekataza kuvunja hata kitawi. Kila mchungaji anajua, na kila mchungaji mwenye heshima zake anayo katsuna ya ambelitsia ambayo aliirithi kwa babu. Hivyo ndivyo husemwa. Alirithi kwa babu. Mtoto wa darasa la kwanza Asfendami anajua kusema hivyo.

Hakimu alimtazama mwendesha mashtaka, aliyekuwa tayari ameanza kuinuka, akamzuia kwa kidole. "Sikio langu hili ni bovu tangu asubuhi," alisema. "Fimbo inabaki hapa. Na wewe, mzee, nenda nyumbani na mkeo kabla sijaanza kusikia vizuri."

Kwa hiyo alitoka mahakamani ameachiwa huru na mikono mitupu, na ngazi za mahakama zilikuwa ndefu. Sifis alimshika mkono upande mmoja, Pandelis upande wa pili, wakamteremsha hatua kwa hatua. Hakuna aliyefyatua risasi.

Athusa alilala kwa mwanawe mjini usiku mmoja, kama alivyoambiwa. Mkwewe Rubini, mke wa Sifis, alimpikia, hakuuliza kitu. Asubuhi Athusa alifunga kilemba chake akasema kondoo hawajui mambo ya mahakama, akapanda basi la maziwa kurudi juu. Alikuta mlango wazi. Manusos alikuwa amekaa jikoni, buti moja mguuni, jingine mkononi. Hakumwambia karibu, hakumwambia ondoka. Athusa alipiga magoti akalivuta lile buti likaingia, akaenda kukamua.

Siku zilizofuata hawakuzungumza. Rubini alipanda na fimbo ya alumini kutoka duka la dawa, ina mpira chini na mpini wa plastiki ya kijivu, inarefushwa kwa kubonyeza. "Ni nyepesi, baba," alisema. Manusos alimshukuru kwa adabu, na kesho yake Athusa aliikuta kwenye banda la kuku, kuku wamekwisha kuizoea. Sifis alimletea katsuna yake mwenyewe. Aliikataa pia. "Katsuna ya mtu mwingine ni kama meno ya mtu mwingine," alisema, na hayo ndiyo maneno marefu aliyoyasema wiki ile.

Kutoka dirishani Athusa alisikia mkahawa umebadilika. Hawakumcheka Manusos, afadhali wangemcheka. Walikuwa wazuri. Walinyamaza alipotajwa, au walisema "maskini" na kubadilisha mazungumzo kuwa ya bei ya maziwa. Zile beti za simba hakuna aliyezirudia. Siku moja Pandelis alikuja mlangoni na kiti chenye mikono, kiti chake mwenyewe cha nyumbani, akasema amewaza kwamba kumbare akija mkahawani kingemfaa zaidi kuliko zile stuli. Manusos alisema atafikiria. Kiti kikabaki ukumbini, na kila mmoja wao akakizunguka bila kukigusa.

Alikuwa hajatoka nje ya ua tangu kesi. Zizini alikwenda Athusa peke yake, asubuhi na jioni, na mikono ilimvimba. Hakulalamika, kwa sababu alijua ni yeye aliyeliuza jina la mumewe, na alikuwa tayari kuliuza tena, na hayo mawili hayakukaa vizuri kifuani mwake. Angalau yuko nyumbani, alijiambia akikamua. Halafu alijiuliza kama mtu anayekaa hivyo jikoni, akitazama ukuta, yuko nyumbani kweli, au amefungwa tu mahali ambapo ana mke.

Jumamosi kondoo mmoja alikwama kuzaa. Athusa alishuka kutoka zizini akikimbia, damu mikononi, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Mwanakondoo amekaa vibaya," alisema. "Miguu mbele, kichwa kimerudi nyuma. Mikono yangu imevimba haingii. Nitamwita Pandelis."

"Ni yupi?"

"Yule mwenye sikio jeusi."

Manusos alishika meza akainuka. "Pandelis atamuua. Pandelis ana mikono ya kuvunjia mawe." Alifika mlangoni, akashika kizingiti, akatazama ua. Punda alikuwa juu zizini. Ukuta uliishia kwenye lango, na kutoka langoni hadi njia ya zizi ilikuwa lazima kupita mbele ya mkahawa, meza zote zimejaa, maana ilikuwa Jumamosi na jua limetoka. Hakuna njia nyingine. Na katika kijiji kile mwanamume hamshiki mkewe barabarani, hata siku ya harusi. Mume hutangulia, mke hufuata.

Athusa alikwenda kusimama kando yake, upande wa kushoto, akatazama mbele.

Alisikia mkono wa Manusos ukimshukia begani. Ulikuwa mzito kuliko alivyotarajia, uzito wote wa miaka miwili aliyoificha kwenye vitu vingine, na ilimbidi apanue miguu ili asiyumbe. Wakatoka langoni. Pale mkahawani mtu alikuwa katikati ya sentensi, akaiacha. Stavrulis asiyesikia aliendelea peke yake kidogo, kisha naye akageuka.

Athusa aliharakisha. Alitaka wapite upesi, amvushe, amfiche nyuma ya kona ya kanisa kabla macho yote yale hayajamla. Mkono ukamkaza bega, ukamrudisha nyuma, na mumewe akasimama pale pale mbele ya meza, mbele ya Pandelis, mbele ya wote.

"Polepole, mke wangu," Manusos alisema, kwa ile sauti yake ya mkahawani, ili hata Stavrulis asikie. "Mwendo huo mimi siuwezi tena."

Athusa akapunguza mwendo.